Uniti Moja Haiwashi Taa

Sisimizi ndio waliotuambia. Sio daktari, na wala sio mimi ninayejiita mwandishi wa habari. Asubuhi moja mwishoni mwa Agosti nilimkuta baba amesimama nyuma ya jiko, fimbo mkononi, anaangalia chini kama mtu aliyeangusha sarafu. Pale mchangani, mahali alipokuwa amekojoa Zabibu usiku, kulikuwa na mstari mrefu wa sisimizi, wanakwenda na kurudi kama vibarua wanaoshusha mzigo kwenye lori.

"Huyu ana sukari," baba akasema.

Nikacheka. Paka awe na sukari?

"Mimi nilijulikana hivi hivi. Mama yako ndiye aliyewaona chooni, kabla hata sijaenda kupima."

Niseme kwanza tuko wapi, maana siku hizi nikitaja Makutupora watu wananiuliza kuhusu treni. Makutupora ya treni iko Manyoni, mkoa wa Singida. Ya kwetu iko Dodoma, barabara ya kwenda Kondoa, ukishapita Msalato ukapita na Veyula. Ni Makutupora ya JKT, ya utafiti wa zabibu, na ya visima vinavyonywesha mji wa Dodoma. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu hadi alipostaafu, na paka huyu alimwokota chini ya mizabibu akiwa bado hajafungua macho vizuri. Ndiyo maana anaitwa Zabibu. Jina alipewa miaka kumi kabla ya ugonjwa, kwa hiyo msitutafutie kejeli hapo.

Dalili zote zilikuwa mbele yangu wiki nzima. Zabibu alikuwa anakunywa maji kwenye ndoo kama ng'ombe wa Mgogo aliyetoka malishoni. Nikasema ni joto. Alikuwa anakula, anamaliza, anadai tena, huku mbavu zinaonekana. Nikasema ni minyoo. Halafu akaanza kutembea vibaya, miguu ya nyuma imelala chini, anakanyagia kisigino badala ya vidole. Nikasema ni uzee. Na katika wiki hiyo hiyo nilikuwa naandika makala kuhusu visima vya Mzakwe, jinsi wataalamu walivyopima kina cha maji chini ya bonde letu tangu miaka ya 1950, na jinsi ilivyogundulika kwamba maji yale hayajazwi na mvua za kawaida bali na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Nilikuwa nahesabu maji yaliyo chini ya ardhi na sikuyaona yanayokwisha kwenye ndoo ya jikoni.

Baba akaleta mashine yake ya kupimia sukari. Akamfunga Zabibu kwenye kanga ya marehemu mama, akabaki kichwa tu, akamsugua sikio lipate joto, akamchoma pembeni pembeni pale kwenye mshipa mdogo. Tone likatoka, dogo kama kichwa cha pini. Mashine ikahesabu, ikaleta 27.3.

Baba mwenyewe asubuhi ile alikuwa na 15.

"Amenishinda," akasema, na nikaona kabisa kwamba amefurahi kidogo.

*

Bwana mifugo wetu ni kijana mwenye pikipiki. Kazi yake ni ng'ombe, mbuzi na kuku: chanjo, homa ya mapafu, kuzalisha ndama aliyekaa vibaya. Alipofika nikamweleza, naye akanitazama usoni kuona kama nina utani. Alisema chuoni walisoma kisukari cha mbwa na paka, ukurasa mmoja au miwili, na tangu wakati huo hajawahi kukutana nacho. Lakini hakujifanya anajua, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alipiga simu palepale kwa mwenzake waliyesoma pamoja SUA, ambaye ana kliniki ya wanyama mjini, akaniambia, "Dada, mpeleke kesho. Mpeleke na mkojo wake."

Naomba msiniulize nilivyokinga mkojo wa paka.

Nilimpeleka kwenye boksi la mafuta ya kula nililolitoboa matundu. Kwenye daladala mama mmoja akaniuliza kama nauza kuku, boksi likalia, akasogea. Daktari alimpima uzito: kilo tatu na gramu mia nne, na alikuwa paka wa kilo tano. Mkojo una sukari nyingi, ila hauna ketoni, na hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya siku. Akanieleza taratibu. Kisukari cha paka wengi kinafanana na kile cha watu wazima kama baba: kongosho bado linatoa insulini kidogo lakini mwili hauisikii. Tofauti ni kwamba paka akiwahiwa, akapewa insulini na chakula kisicho na wanga, anaweza akafika mahali asihitaji sindano tena. Si wote. Wengine ndiyo mpaka mwisho.

"Anakula nini nyumbani?"

"Ugali. Na mchuzi wa dagaa. Na baba anamchovyea mkate kwenye chai."

Daktari akaweka kalamu chini.

Kuanzia siku ile Zabibu akawa anakula dagaa bila ugali, vichwa vya samaki, yai, ini kidogo. Baba alilipokea agizo hilo kwa uzito mkubwa. "Hata mimi waliniambia nipunguze ugali," akasema. "Sasa nyumba hii ugali ataula nani?"

*

Nilidhani insulini tunayo tayari. Vichupa vya baba vilikuwa kwenye friji, nikafikiri tutatoa tone tu. Daktari akakataa. Ile ya baba ni mchanganyiko, sehemu yake inawahi na sehemu inachelewa, na kwa paka inaisha nguvu mapema mno halafu sukari inaruka. Akaandika glargine, ambayo inakwenda polepole, uniti moja asubuhi na uniti moja jioni, kila baada ya saa kumi na mbili, na asichomwe kama hajala.

"Uniti moja?" baba akasema nilipomwambia. "Uniti moja haiwashi hata taa."

Kwetu uniti ni za LUKU. Lakini uniti hii ni nyingine. Kwenye insulini ya binadamu mililita moja ina uniti mia, kwa hiyo uniti moja ni sehemu ya mia ya mililita, tone ambalo likidondoka mezani hulioni. Na mabomba ya sindano niliyoyapata kwenye maduka ya dawa mwanzoni yalikuwa ya mililita nzima, ambayo kila kamstari kake ni uniti mbili. Maana yake unatakiwa uvute hadi nusu ya kamstari. Ukikosea kwa upana wa uzi umempa dozi mara mbili. Kuna na mtego mwingine daktari alinionya: insulini zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama nyingine zina uniti arobaini kwa mililita badala ya mia, na zina mabomba yake. Ukichanganya bomba la hii na kichupa cha ile, unaua au hutibu, inategemea umekosea upande gani.

Duka la dawa ndiko nilikogundua kitu kuhusu lugha yetu ambacho shuleni sikukifikiria. Nilimpa mfamasia cheti, akauliza, "Mgonjwa ana umri gani?"

"Miaka kumi."

"Kilo?"

"Tatu na nusu hivi."

Akainua macho. "Dada, mtoto wa miaka kumi, kilo tatu?"

Ndipo nikakumbuka kwamba Kiswahili hakikunisaidia. Kila kitu nilichokuwa nimesema, *amekonda, anakunywa sana maji, hawezi kusimama vizuri, ana sukari*, kilikuwa kwenye ngeli ya watu. Paka yumo humo humo na sisi, yeye na mwalimu na mgeni na mtoto. Nilipomwambia ni paka, mfamasia alicheka mpaka akamwita mwenzake nyuma. Halafu akaniuzia. Bei siitaji, ila ilimeza malipo ya makala mbili, na nyinyi mnaoandika mnajua makala mbili ni mwezi wa namna gani. Wiki mbili baadaye alinipigia simu, yule yule aliyecheka, kuniambia amepata mabomba madogo ya uniti thelathini yenye mistari ya nusu nusu, nije kabla hayajaisha.

Nilikuwa nimezoea kuwaza paka katika lugha yetu kama mfanyakazi. Paka akiondoka, panya hutawala: yaani yupo kwa sababu ya panya. Doris Lessing, aliyekulia Rhodesia ya Kusini shambani, alitoa kitabu kizima cha paka mwaka 1967, na nilipokisoma chuoni nilikiona ni anasa ya watu wenye muda. Lakini ipo na methali nyingine, ya watu wa pwani, ambayo siku hizi naisema mara kwa mara jikoni: paka wa nyumba haingwa. Hafukuzwi. Hata akiiba samaki.

*

Jirani yetu mmoja ana binti anayechomwa insulini tangu akiwa darasa la pili. Kuna miezi kule wanakochukua dawa wanaambiwa rudini wiki ijayo. Kuna miezi stripu za kupimia zinaisha, anamwangalia mtoto usoni tu na kukisia. Jioni moja alikuja kuomba chumvi, akanikuta nimepiga magoti na Zabibu kwenye kanga, sindano mdomoni, mashine ya sukari mezani.

"Shikamoo babu," akamsalimia baba.

"Marahaba. Mbukwenyi."

Akaangalia mashine. Akaangalia paka. Hakusema neno. Angesema ningejitetea, nina majibu mengi, kazi yangu ni majibu. Alichukua chumvi akaaga.

Usiku ule sikulala vizuri. Baba naye aliliona, maana kesho yake akaanza kunihadithia insulini ilikotoka, hadithi aliyoipata kliniki kwake zamani na kuitunza kama wengine wanavyotunza habari za mpira. Kwamba mwaka 1921 kule Toronto, Banting na Best waliipata kwa kufanya majaribio kwenye mbwa. Kwamba Januari 1922 alichomwa kijana wa miaka kumi na minne, Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa, na hakufa. Kwamba haki ya ugunduzi iliuzwa kwa chuo kikuu kwa dola moja moja, ili dawa isiwe ya matajiri. (Hapo baba huwa ananyamaza kidogo, kila mtu afikirie bei za sasa.) Na kwamba kwa miaka sitini watu walichomwa insulini iliyokamuliwa kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe, mpaka 1982 ilipoanza kuuzwa ile inayotengenezwa na bakteria. Mimi nikamwongezea nililolisoma: kwamba insulini ya paka na ya ng'ombe zinapishana kwa kiungo kimoja tu kati ya vyote vinavyoijenga.

"Basi ng'ombe wametulisha na wametutibu," baba akasema. "Na mbwa wakafa kwa ajili yetu. Sisi tumemrudishia nani?"

Ni hoja nzuri, na baba ni mtu wa hoja. Lakini nilimpelekea jirani boksi moja la stripu hamsini, na nilipokuwa nabisha hodi nilijua hoja ya mbwa wa Toronto siwezi kuisema pale mlangoni. Alipokea kwa mikono miwili. Aliuliza, "Na paka anaendeleaje?" na mpaka leo sijui aliuliza kwa moyo gani.

*

Tukaweka utaratibu. Daftari la kurasa themanini likaning'inizwa kwa kamba msumarini, pembeni ya friji. Safu mbili: Z na B. Z ni Zabibu, B ni baba. Saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila aliyechomwa anawekewa tiki. Lilikuwa wazo langu, na nililiona ni la kijanja, kwa sababu baba alikuwa msumbufu wa sindano zake. Kliniki walikuwa wanalalamika kila mara: mzee, sukari iko juu, unachoma kweli? Nami nilikuwa namgombeza kwa sauti ile ya mtoto aliyesoma. Miaka ya nyuma niliwahi kuandika makala ndefu kuhusu kisukari, ina takwimu, ina mtaalamu, ina kila kitu. Nikamwambia baba, kama paka anaweza, wewe unashindwaje? Akakubali. Safu ya B ikajaa tiki.

Friji lilitusumbua. Oktoba na Novemba kwetu ni joto la kukausha kamba, na umeme unakatika bila kuaga. Baba akachukua mtungi wa maji wa mama, akauweka ndani ya karai la mchanga uliolowa, insulini zote mbili ndani kwenye kikombe cha plastiki, kitambaa kibichi juu. Hewa yetu ni kavu, maji yanavukiza haraka, mtungi unapoa vizuri. Bwana mifugo alipouona aliupiga picha.

Siku ya kumi tulipima mzunguko mzima, kila saa mbili kwa saa kumi na mbili. Daktari alitaka tufanyie nyumbani, maana paka akiogopa sukari inapanda yenyewe na kipimo cha kliniki kinadanganya. Saa moja asubuhi 24.6. Saa tatu 22.1. Saa tano 17.8. Saa saba 13.9. Saa tisa 12.4, hapo ndipo pa chini kabisa. Saa kumi na moja 16. Saa moja jioni 21. Baba alikaa siku nzima na kalamu kama mtu anayejumlisha kura. Daktari akapandisha dozi kwa nusu uniti, akasisitiza tusipandishe tena mpaka wiki ipite, mwili unahitaji muda kuizoea. Mwanzo wa Novemba tulikuwa kwenye uniti mbili na Zabibu ameanza kuruka ukuta. Ndoo ya maji akawa anaipita tu.

Bunge lilikuwa linakaa. Siku ile nilitoka mjini nimechelewa, nikafika nyumbani karibu na saa tatu usiku, umeme hakuna. Baba amelala. Zabibu yuko juu ya gunia, sahani yake tupu. Nikaangaza tochi ya simu kwenye daftari. Safu ya B, jioni: tiki. Safu ya Z: hakuna kitu.

Nikawaza, baba kajichoma mwenyewe, kamsahau paka. Amekula, sahani si tupu? Nikavuta uniti mbili hadi kwenye alama niliyoichora kwa rangi ya kucha ili baba aione, nikaikunja ngozi ya kisogo, nikachoma. Nikaweka tiki. Nikalala na viatu.

Saa saba usiku niliamshwa na kishindo. Zabibu alikuwa ameanguka kutoka kwenye gunia na anajaribu kusimama, anayumba, shingo imepinda, macho makubwa meusi yasiyoniona. Sijui nilijuaje. Nilichoma sikio mikono inatetemeka, mara ya kwanza damu haikutoka, ya pili ikatoka. 1.9.

Nikapiga kelele, "Baba!"

Baba alitoka chumbani hana viatu, na sijawahi kumwona akiharakisha vile. Hakuuliza kitu. Akashika chupa ya asali, ile nyeusi ya Kondoa, akachovya kidole, akampaka Zabibu kwenye fizi, taratibu, kidogo kidogo. "Usimmiminie," akaniambia, "atapaliwa. Paka tu. Paka halafu ngoja." Alikuwa anafanya kama mtu aliyeshafanya. Nilimpigia daktari, akapokea mlio wa tatu, Mungu ambariki, akasema endeleeni hivyo hivyo, pima kila robo saa, akiweza kumeza apewe chakula, na msilale, maana insulini hii inakwenda polepole na hatari yake haiishi kwa saa moja.

Robo saa, 2.4. Robo saa, 3.0. Stripu zilikuwa zimebaki kumi na nne na nilikuwa nazihesabu kwa macho. Saa nane na nusu alikula dagaa watatu. Hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni, nikamwambia baba nilichofanya, na nikalia.

"Lakini mimi nilimchoma saa moja," baba akasema.

"Hukuweka tiki."

"Nimeweka."

Tukaangaza daftari. Akaiona ile tiki ilipo. Akakaa kimya, muda mrefu, Zabibu mapajani.

"Baba. Ulichoma wote wawili?"

"Nilimchoma Zabibu."

"Na tiki ya B?"

Asali ilikuwa bado kwenye kidole chake. Akaifuta kwenye kanga.

Ndipo akanihadithia. Mwaka 2019, msimu wa kupogoa, alijichoma asubuhi akaenda shambani bila kunywa chai, akisema atakula akirudi. Katikati ya mistari ya mizabibu miguu ikaisha. Anakumbuka jasho, na mikono isiyoshika mkasi, na kwamba alitaka kuita na jina la mama halikuja. Alikuwa analijua lakini halikuja. Mama alimkuta kwa bahati, alikuwa amempelekea maji. Akamtia sukari mdomoni kwa kidole. Walikubaliana wasituambie.

"Tangu siku ile, ya asubuhi nachoma. Ya jioni mara nyingi siichomi. Usiku nikianguka nani ataniona? Mama yako alikuwepo. Alikuwa ananishika mkono usiku kusikia kama natoka jasho. Mama, wewe uko Bungeni, uko Dar, uko kwenye simu. Sukari ikipanda inaniua taratibu. Ikishuka inaniua usiku huu."

Ananiita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Safu yote ya B ya jioni, wiki tisa za tiki, alikuwa ameniandikia mimi. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, akamchoma paka vizuri kabisa, kisha akaenda kwenye daftari kwa kupapasa akaweka tiki ile ya kunifurahisha, na ya kweli akaisahau.

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu 1.9 inavyofanana.

Tulikaa mpaka alfajiri, tunapima. Jogoo wa jirani alipowika Zabibu alikuwa na 9.2 na anataka kutoka nje.

*

Daktari akarudisha dozi kwenye uniti moja, akatuambia sukari ikiruka siku mbili tatu tusiifukuzie. Haikuruka sana. Krismasi tulikuwa kwenye nusu uniti. Mwezi wa pili, zabibu za msimu zinavunwa, kulikuwa na asubuhi tano mfululizo hazikuzidi 6, akasema acheni, mpimeni tu mara moja moja, na mkate kwenye chai asiuone tena maishani.

Baba nilikwenda naye kliniki, na safari hii nilikaa kimya, yeye ndiye aliyesema. Alisema lote, na la shambani. Daktari wake hakumgombeza. Alimbadilishia dozi ya jioni, akaipunguza, akamwambia apime kabla ya kulala na kwamba akiwa chini ya kiwango fulani ale kitu kwanza. Aliniuliza mimi kama usiku kuna mtu nyumbani. Nikasema yupo. Nimehamisha kitanda changu chumba cha pili, ukutani na cha baba, na nikilala mjini kijana wa bwana mifugo analala kwetu.

Tiki tumeziacha. Siku hizi kwenye daftari tunaandika namba, maana namba huwezi kuibuni kwa kupapasa gizani. Jana jioni saa moja nilikaa mezani na mashine. Baba akanyoosha kidole.

"Na Zabibu?"

"Hana kitu leo."

"Andika basi kwamba hana. Usiache wazi."

Nikaandika.